Kasisi aliyepima kiu ya miti

Na Mwandishi Wetu

Mchimbaji mdogo wa Rwamgasa anapotaka kushusha duara jipya, kitu anachokitafuta mapema baada ya sululu na kamba ni matimba, yale magogo yanayofungwa kwenye kuta za shimo ili udongo usimwangukie aliye chini. Mkulima mwenye miti yake, awe Geita au ng'ambo ya pili Shinyanga kwenye ngitili, analijua soko hilo vizuri. Bei hupatanwa kwa urefu na unene. Ni mara chache muuzaji au mnunuzi kuuliza jambo la tatu, ambalo kwa aliye chini ya duara lina uzito kuliko yote mawili: mti huo ulipokuwa hai, ulikuwa ukipandishaje maji?

Swali hilo linaweza kuonekana kama mzaha wa kijiweni. Lakini gogo halikuumbwa ili lishikilie ukuta wa mgodi. Liliumbwa lipeleke maji kutoka kwenye mizizi hadi kwenye majani, na lisimame wima wakati likifanya hivyo. Nguvu yake, udhaifu wake, kupasuka kwake na kuoza kwake vyote vimo ndani ya kazi hiyo. Na mtu aliyeichunguza kazi hiyo kwa mizani badala ya kubahatisha hakuwa bwana miti wala mhandisi. Alikuwa kasisi wa kijiji nchini Uingereza, jina lake Stephen Hales. Ni huyo huyo aliyebuni mashine ya kuingiza hewa safi migodini na kwenye maghala ya nafaka, kwa hiyo mchimbaji, mkulima na mnunuzi wa mahindi kila mmoja ana sababu yake ya kumfahamu.

Hales alizaliwa Septemba 1677 katika kijiji cha Bekesbourne, Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Mwaka 1696 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea ukasisi. Wakati ule mawazo ya Isaac Newton yalikuwa yameanza kubadilisha fikra za wasomi pale: kwamba mambo ya dunia yanaweza kupimwa, kuhesabiwa na kulinganishwa. Hales aliyashika mawazo hayo na hakuyaacha tena. Pamoja na rafiki yake William Stukeley alizunguka mashambani akikusanya mimea, akapasua wanyama ili kuona kilichomo, na kuna wakati walimimina risasi iliyoyeyushwa ndani ya mapafu ya mbwa ili wapate umbo la njia za hewa.

Mwaka 1709 alipelekwa Teddington, kijiji kando ya mto Thames, si mbali na London. Alikaa hapo zaidi ya miaka 50, mpaka alipokufa. Alioa mwaka 1720, mkewe akafariki mwaka uliofuata bila kumwachia mtoto, naye hakuoa tena. Baadaye alipewa nafasi ya juu katika kanisa la Windsor, kwenye makazi ya kifalme, akaikataa. Watu wa namna hiyo hawaachi hadithi nyingi za maisha yao, wanaacha kazi.

Kazi yake ya mwanzo ilikuwa juu ya damu. Alimlaza farasi, akaunganisha mrija wa kioo kwenye mshipa wake mkubwa na kuangalia damu inapanda kiasi gani. Katika jaribio moja ilipanda futi 8 na inchi 3. Hakuna aliyekuwa amewahi kuipima nguvu ya damu kabla yake, na kila mara muuguzi anapokufunga mkono kupima presha, asili ya kipimo hicho iko katika shamba la Teddington. Majirani hawakufurahia. Mshairi Alexander Pope, aliyeishi kijiji cha jirani na aliyemheshimu kama rafiki, alichukizwa na habari za mbwa waliokatwa wakiwa hai. Hales mwenyewe alichoka na kazi hiyo, akaiweka kando kwa miaka kadhaa.

Kilichomrudisha kwenye vipimo ni mzabibu. Ulikuwa umekatwa wakati mbaya, karibu na majira ya utomvu kupanda, na ukawa unatiririsha maji kwenye kidonda bila kukoma. Hales aliogopa utakufa, akafunga kipande cha kibofu cha mnyama juu ya kidonda. Kibofu kikajaa, kikavimba, kikakaza kama ngoma. Mtu mwingine angetafuta kamba imara zaidi. Yeye alitafuta mrija wa kioo.

Alisimamisha mirija juu ya visiki vya mizabibu, akiunganisha kimoja juu ya kingine, akapanda ngazi kuangalia. Utomvu ulipanda hadi zaidi ya futi 20. Mirija ilipokuwa mirefu mno kushikika, akatumia zebaki, ambayo ni nzito mara 13 na zaidi kuliko maji. Wasomaji wa Rwamgasa hawahitaji kuelezwa zebaki ni nini. Kijiji chao kilichaguliwa miaka ya 2000 kuwa moja ya maeneo ya mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza madhara yake kwa wachimbaji wadogo. Hales aliitumia kama mizani tu. Kisiki cha mzabibu kilisukuma zebaki hadi inchi 38, sawa na kunyanyua maji mita 13 hivi. Kwa hesabu zake nguvu hiyo ilizidi karibu mara tano ile ya damu katika mshipa wa paja la farasi.

Hapo ndipo alipoanza kuuliza mti unakunywa kiasi gani. Julai 1724 alichukua alizeti yenye urefu wa futi tatu na nusu, ikiwa imeota kwenye chungu. Akafunika udongo kwa bati jembamba la risasi ili maji yasipotee pembeni, akaacha tundu dogo la kumwagilia, na kuanzia Julai 3 hadi Agosti 8 akaipima kwa siku 15, asubuhi na jioni. Kwa saa 12 za mchana alizeti hiyo ilipoteza kwa wastani wakia 20, zaidi kidogo ya nusu lita. Usiku wenye umande haikupoteza kitu, na umande ukiwa mwingi iliongezeka uzito. Kisha akayang'oa majani yote na kupima ukubwa wa eneo lake, akachimbua mizizi akapima urefu wake. Mkulima wa alizeti wa Kanda ya Ziwa anayejiuliza kwa nini shamba lililobanana sana hunyauka mapema jua linapokaza, jibu lake lilishapimwa miaka 300 iliyopita kwa chungu kimoja.

Alipima pia kabichi, mzabibu, mtofaa na mlimau. Akaona kwamba miti isiyopukutisha majani hutoa maji kidogo kuliko ile inayopukutisha. Akakata tawi lenye majani, akaliingiza kwenye mrija wenye maji: likayafyonza kwa nguvu. Akang'oa majani, kasi ikaanguka karibu kuisha. Basi mizizi inaweza kusukuma, kama alivyoona kwenye mzabibu majira ya kuchipua, lakini kazi kubwa ya mwaka mzima hufanywa na majani. Jua linakausha jani, jani linavuta, na mvuto unashuka mpaka mzizini.

Maji yanapitia wapi? Kabla yake Mwitaliano Marcello Malpighi na Mwingereza Nehemiah Grew walikuwa wametazama mbao kwa darubini miaka ya 1670, wakaona kwamba mti umejaa mirija midogo, na kwamba kwenye machipukizi machanga baadhi ya mirija hiyo ina uzi uliojizungusha ndani kama springi. Hales akataka kuona mirija hiyo ikifanya kazi. Akavua gome tawi pande zote, likaendelea kunywa. Akachonga mapengo hadi kwenye kiini, kila pengo likitazama upande wake, ili kusiwe na njia iliyonyooka. Maji yakapita kando na kufika juu. Akahitimisha kwamba maji hupanda ndani ya mbao, si ndani ya gome, na kwamba utomvu hauzunguki kama damu inavyozunguka mwilini, jambo ambalo wasomi wengi wa wakati wake waliliamini.

Tuseme hapa jambo moja kwa ajili ya wanaovua magome ya dawa. Mti uliovuliwa gome kuzunguka shina lote huendelea kuwa na majani mabichi kwa wiki au miezi, kwa sababu maji bado yanapita katikati. Aliyevua hujisifu kwamba haukufa. Lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushukia kwenye gome, na njia hiyo ikikatwa mizizi hufa njaa taratibu. Anayechukua gome upande mmoja tu, kipande chembamba, anaweza kurudi mwaka mwingine.

Kitabu cha Hales juu ya mimea kilitoka mwaka 1727. Newton, akiwa rais wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, alitia saini ya kuruhusu kichapwe wiki chache kabla ya kufariki.

Jambo moja lilimshinda Hales, na liliwashinda wengine kwa zaidi ya karne moja na nusu baada yake. Kila mwenye pampu Rwamgasa analijua kwa uchungu: pampu iliyowekwa juu ya duara haiwezi kunyonya maji kutoka chini zaidi ya mita 10 hata ikiwa mpya, na kwenye miinuko kama ya Geita kikomo ni kifupi zaidi. Ndiyo maana pampu hushushwa. Mti je, unawezaje kunyonya hadi mita 30 au 50? Jibu lilitolewa mwaka 1894 na Henry Dixon na John Joly wa Dublin, Ireland. Ndani ya mirija myembamba isiyo na hewa, maji hushikamana kama kamba. Jani likivuta ncha ya juu, kamba nzima husogea.

Kutoka hapo ndipo tunaporudi kwenye matimba, kwa sababu kamba ya maji inayovutwa hujaribu kuubana mrija uliomo. Angalieni mipira ya pampu. Ule wa kutoa maji ni laini, unaweza kuukunja kama nguo. Ule wa kunyonyea lazima uwe mgumu wenye waya ndani, la sivyo utajibana na maji yatakatika. Mti nao umo katika hali hiyo hiyo kila mchana wa jua. Mti wa nchi kavu, ambao lazima uvute kwa nguvu kwenye udongo uliokauka, huhitaji mirija yenye kuta nene na nyuzi nyingi ngumu kuizunguka. Ukuta mnene ndiyo mbao nzito, na kwa kawaida mbao nzito ndiyo ngumu.

Upana nao una hesabu yake. Mrija ukiwa mpana mara mbili, maji yanayopita huwa mara 16. Kwa hiyo mti wenye mirija mipana hukua haraka pakiwa na maji. Tatizo ni kiangazi: kamba ya maji hukatika, hewa huingia, mrija huwa haufai tena, na mrija mpana unapokufa hasara ni kubwa. Mti haupati vyote viwili bure.

Chukua kisu kikali, kata ncha ya gogo iwe laini, uangalie. Kwenye mninga utaona vitundu kwa macho. Mninga hujilinda kwa kupukutisha majani kiangazi ili usivute wakati mbaya. Kwenye mpingo huoni kitu bila lenzi. Mirija yake ni midogo mno, nafasi yote iliyobaki imejazwa nyuzi, na ndiyo sababu mbao yake huzama majini na mti huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuuzika. Mbuyu uko upande mwingine kabisa. Shina lake ni ghala la maji, mbao yake bichi ni maji zaidi ya theluthi mbili kwa uzito, na husimama kwa sababu ya unene tu. Hakuna anayepasua mbao za mbuyu. Msonobari nao hauna mirija mipana kabisa. Vijiumbe vyake virefu vyembamba hufanya kazi zote mbili, kupeleka maji na kushikilia mti.

Kuna na tofauti ndani ya gogo moja. Sehemu nyeupe ya nje ndiyo inayopeleka maji. Mti unapozeeka, mirija ya ndani huzibwa, hujazwa dawa za mti wenyewe, rangi hubadilika, na hapo huwa kiini. Kiini hakinywi tena. Kazi yake ni kusimama na kukataa mchwa. Kwenye mninga au mvule kiini hudumu miaka mingi, wakati sehemu nyeupe ya mti huo huo hutobolewa na wadudu ndani ya muda mfupi.

Sasa tazama mkaratusi wa miaka minne unaouzwa kama timba. Karibu wote ni sehemu nyeupe. Katikati yake pana mbao ya utotoni, dhaifu kuliko ile ambayo mti ungeiongeza nje katika miaka iliyofuata. Tena mkaratusi hukua huku sehemu ya nje ikivuta na ya ndani ikibanwa, ndiyo sababu mara ukianguka ncha zake hupasuka kwa sauti. Ukiuingiza duarani ukiwa mbichi, unabeba ndani yake maji yanayokaribia uzito wa mbao kavu, na mbao mbichi chini ya mzigo hupinda polepole, siku hadi siku, bila kuvunjika kwa kishindo cha kumwonya mtu. Mbao huanza kupata nguvu yake kamili maji yanaposhuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu.

Mwandishi hasemi wakulima waache mikaratusi. Inakua haraka, na kukata miti ya asili kunahitaji kibali. Zaidi ya hapo, kila gogo la mkaratusi linalouzwa ni mti wa asili uliosalimika. Shinyanga iliona gharama ya kufyeka, hata serikali ikalazimika kuanzisha mradi wa HASHI mwaka 1986 kurudisha miti kwenye ngitili. Lakini mkulima anayeacha mkaratusi usimame miaka mingine michache, akauvua gome, akaupanga kivulini juu ya vijiti usiguse ardhi, na kupaka rangi nzito kwenye ncha mbili, anauza kitu kingine kabisa. Ncha hupakwa kwa sababu mirija imefunguka hapo. Maji hukimbilia nje upande huo kuliko ubavuni, na gogo hupasuka. Mirija hiyo hiyo ndiyo hupokea dawa. Nguzo za umeme hutiwa dawa kwa mashine za shinikizo, nayo huingia vizuri sehemu nyeupe. Kiini huikataa kwa sababu kimeshazibwa. Oili chafu inayopakwa kwa brashi hubaki juu juu.

Na timba lisimamishwe kwa urefu wake kila inapowezekana. Mirija na nyuzi zinaelekea juu. Gogo linalobeba kwa urefu lina nguvu mara nyingi kuliko linalobanwa ubavuni.

Hales hakuishia kwenye miti. Akijua jinsi viumbe vinavyochafua hewa, mwaka 1741 aliwaeleza wanasayansi wa London mashine yake: sanduku kubwa la mbao lenye ubao unaopanda na kushuka, likisukuma hewa kama mivuo ya mhunzi. Kitabu alichokitoa mwaka 1743 kilitaja migodi, magereza, hospitali na meli. Mashine zilifungwa melini, na katika gereza la Savoy ambako vifo vilipungua sana. Mwaka 1752 gereza la Newgate lilipata ya kwake, ikiendeshwa na upepo. Wachimbaji wanaoshusha mpira wa hewa duarani kwa mashine ya kupuliza wanafanya alichokielekeza yeye. Alipendekeza pia hewa ipulizwe chini ya nafaka ghalani ili ikauke na fukusi wasiishambulie, na mwenye mahindi yenye unyevu anajua thamani ya ushauri huo.

Aliandika pia dhidi ya pombe kali zilizokuwa zikiwamaliza maskini wa London, vita ambavyo Rwamgasa, kama kijiji chochote cha dhahabu, vingemkaribisha. Mwaka 1739 Royal Society ilimpa nishani ya Copley, na mwaka 1753 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kikampokea miongoni mwa wanachama wake wa nje. Alifariki Januari 4, 1761, akiwa na miaka 83. Mama wa mfalme, Augusta, alimjengea mnara wa kumbukumbu Westminster Abbey, wanakozikwa wakuu wa Uingereza, lakini mwili haupo hapo. Hales alizikwa Teddington, chini ya mnara wa kanisa lake.